Kabla ya kununua chujio, yajue maji kwanza

Kuna barua niliyoipokea juma lililopita ambayo imeninyima usingizi kidogo. Leo nimeonelea niijibu hapa hapa ukumbini ili na wengine wafaidike.

Barua yenyewe ni ya mama mmoja wa mtaa wa South B, hapa jijini Nairobi. Kitindamimba wake yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu. Yeye na wenzake kumi wamepanga kwenda Ziwa Naivasha likizo ijayo. Watakodi mitumbwi mitano, wapige makasia kutoka kambi moja hadi nyingine kwa siku tatu, na usiku walale kwenye mahema. Kijana amemwomba mama yake pesa za kununua chujio la maji la kubebeka. Amemwonyesha picha ya kimrija chepesi ambacho mtu hukitumbukiza ziwani na kunyonya, akamwambia, "Mama, hiki tu kinatosha."

Hapo ndipo penye kitendawili. "Bwana mwandishi," anaeleza mama huyo, "kakake alirudi kutoka safari kama hiyo akiwa na homa ya matumbo. Alilazwa majuma mawili, na muhula mzima ukampotea. Sitaki kumzuia huyu mdogo, maana vijana hawafugwi kama kuku. Lakini nikitoa pesa, zinunue nini? Na je, kitu hicho kitamlinda kweli?"

Mama, swali lako ni zito, na wala si lako peke yako. Siku hizi familia nyingi za mjini, vilabu vya wanafunzi na vijana walio katika mpango wa President's Award huenda kupiga kambi kando ya maziwa na mito. Maduka nayo yamejaa machujio ya kila sura, na kila moja limeandikwa kwamba ndilo bora. Kabla sijakujibu, niruhusu nikiri aibu yangu mwenyewe.

Ugali haunyonywi kwa mrija

Miaka kadhaa iliyopita niliipeleka jamaa yangu Naivasha kwa safari ya namna hiyo. Tulikuwa sita: mimi, mama watoto, watoto wetu watatu na mpwa wangu aliyekuwa na umri wa miaka tisa. Nilikuwa nimenunua mrija wa kuchujia maji, na njia nzima niliusifu kana kwamba nimeuunda mimi. Nikasema hatuna haja ya kujitwisha mitungi ya maji kama wakimbizi. Tukabeba chupa chache tu za maji ya kunywa.

Jioni tulifunga mitumbwi, tukasimamisha mahema, tukawasha moto. Mama watoto akatoa unga, akateleka sufuria, kisha akaniuliza, "Baba watoto, maji ya ugali yako wapi?"

Nikamwonyesha mrija.

Alinitazama kwa muda, akautazama mrija, akanitazama tena. "Kwa hivyo utanyonya maji ya ziwa, halafu uyateme ndani ya sufuria?"

Watoto walicheka hadi wakagaragara nyasini. Lakini mambo hayakuishia kwenye kicheko. Tulilazimika kuchota maji ya ziwa na kuyachemsha kwa kuni mbichi zilizotoa moshi kuliko moto. Njaa ilikuwa inauma, nasi tukafanya haraka. Watoto walisuuza vikombe ziwani, wakavitumia vivyo hivyo vikiwa vingali vinadondoka maji. Siku kumi baadaye mpwa wangu alianza kuendesha. Daktari alipompima akasema ni vijidudu vya giardia. Nilimrudisha kwa dada yangu akiwa amekonda, na hadi leo dada yangu akitaka kuninyamazisha katika kikao chochote cha ukoo, hutaja neno moja tu: mrija.

Mrija wenyewe haukuwa na kosa. Ulifanya kazi uliyoundiwa, yaani kumnywesha mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwenye kosa alikuwa mimi, niliyenunua chujio kabla ya kujiuliza ni maji gani, ni watu wangapi, na ni kwa matumizi gani.

Mtumbwi hubeba usichoweza kubeba mgongoni

Machujio mengi madogo yalibuniwa kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu milimani. Mtu wa namna hiyo huhesabu kila gramu, kwa sababu kila gramu iko mgongoni pake. Anayesafiri kwa mtumbwi hana sababu ya kuwaiga. Uzito wake hubebwa na maji.

Basi tupige hesabu ya kijana wako, mama. Katika jua la Bonde la Ufa, mtu anayepiga makasia anahitaji kama lita tatu za maji ya kunywa kwa siku. Ongeza lita mbili za kupikia na kuoshea vyombo, utapata lita tano. Watu kumi na mmoja watatumia lita 55 kwa siku, na kwa siku tatu ni lita 165. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo hizo ni kilo 165. Hakuna anayeweza kubeba mzigo huo mlimani.

Lakini tazama upande wa pili. Maji ya kunywa peke yake, lita tatu kwa watu kumi na mmoja kwa siku tatu, ni lita 99. Hiyo ni mitungi mitano ya lita 20. Na mitumbwi ni mingapi? Mitano. Mtungi mmoja kwa kila mtumbwi, uwekwe katikati chini na ufungwe kwa kamba, na kila siku unazidi kuwa mwepesi. Kwa hivyo maji muhimu zaidi, yale ya kunywa, yanaweza kutoka nyumbani yakiwa salama. Ya ziwani yatabaki kuwa ya kupikia, ya kuoshea vyombo, na ya akiba endapo mtungi utapasuka au safari itarefuka.

Na wewe mzazi unayepanga kuwapeleka watoto wawili kwa usiku mmoja tu, hesabu yako ni rahisi zaidi. Watu wanne, siku mbili, lita tano kila mmoja: lita 40. Mitungi miwili! Huna haja ya chujio lolote. Pesa hizo nunua jaketi za kuokolea maisha zinazowatosha watoto vizuri.

Matundu na vijidudu

Sasa tuseme chujio linahitajika. Kitu cha kwanza cha kusoma kwenye pakiti ni ukubwa wa matundu yake, ambao hupimwa kwa maikroni. Milimita moja ina maikroni 1,000. Unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 70.

Vijidudu vinavyotuumiza kupitia maji viko katika makundi matatu. Wakubwa wao ni protozoa, kama vile giardia na amiba. Giardia ina ukubwa wa kama maikroni 10, na binamu yake kriptosporidiamu ana kama maikroni 5. Kundi la pili ni bakteria, ambao huleta homa ya matumbo na kipindupindu. Wengi wao wana urefu wa kama maikroni moja au mbili, na wembamba wa nusu yake. Kundi la tatu ni virusi, kama vile vya hepataitisi A na virusi vya rota vinavyoharisha watoto. Hivyo ni vidogo mno, kati ya maikroni 0.02 na 0.1.

Mirija na mifuko mingi ya kuchujia ina matundu ya maikroni 0.1 au 0.2. LifeStraw ya kunyonya, mathalani, ina 0.2, na Sawyer Squeeze ina 0.1. Kwa hivyo giardia hapiti, na bakteria wa homa ya matumbo hapiti. Lakini virusi hupita kama panya apitaye chini ya lango la ng'ombe.

Mbona basi watengenezaji wakaviacha virusi? Sababu yake ni kwamba mengi ya machujio haya yaliundwa kwa ajili ya watu wa Marekani na Kanada. Huko desturi ya kusafiri kwa mtumbwi na kulala kambini ni ya zamani, na kuna maeneo makubwa yaliyotengwa kwa kazi hiyo, kama Boundary Waters katika jimbo la Minnesota na Algonquin katika jimbo la Ontario. Maziwa ya huko ni baridi, na kandokando yake hakuna miji wala mifugo mingi. Kinachohofiwa zaidi huko ni giardia, hata ugonjwa wake wameupa jina la homa ya biva, mnyama wao anayejenga vizuizi vya miti mitoni. Virusi vya binadamu hutoka kwa binadamu, na pasipo watu wengi hofu yake ni ndogo.

Maziwa yetu si hivyo. Kandokando ya Naivasha kuna mji, vijiji, mifugo na mashamba makubwa ya maua. Mnamo 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yalifurika, na maji yakaingia majumbani na kumeza vyoo. Kwa hivyo ushauri ulioandikiwa ziwa lisilo na watu hautoshi hapa. Hapa kwetu, anayechuja kwa matundu ya 0.1 au 0.2 lazima aongeze hatua ya pili ya kuua virusi.

Lipi linafaa kundi gani?

Mrija wa kunyonya ni mzuri kama akiba ya mtu mmoja, ukae mfukoni kwa ajili ya siku mtumbwi utakapopinduka na mizigo kuzama. Kwa jikoni, nimekwisha kukueleza kisa changu.

Pampu ya mkono yenye kauri, kama Katadyn Pocket, ni chombo cha kudumu. Kauri ikiziba unaisugua na kuendelea. Lakini hutoa kama lita moja kwa dakika, maana yake lita 55 ni karibu saa nzima ya kupampu. Aidha kauri ikianguka kwenye jiwe huweza kupata ufa usioonekana, na chujio lenye ufa ni bomba tu.

Chupa ya kukandamiza, kama Grayl GeoPress, hushughulikia hata virusi, na kila mkandamizo hutoa mililita 710 kwa sekunde chache. Kwa mtu mmoja au wawili ni nzuri sana. Lakini moyo wake umehesabiwa mikandamizo kama 350, yaani lita 250 hivi. Kundi la watu kumi na mmoja likilitegemea kwa kila kitu, litakuwa limekwisha kabla ya siku ya tano kumalizika.

Taa ya miale ya urujuanimno, kama SteriPEN, huua vijidudu vya makundi yote matatu kwa sekunde 90 katika lita moja. Hata hivyo inataka maji maangavu na betri zenye nguvu. Katika maji ya tope, miale hukingwa na vumbi na vijidudu hujificha nyuma yake.

Kwa kundi la mtumbwini, mshindi wangu ni mfuko wa kutundika. Unajaza mfuko wa juu maji machafu, unautundika kwenye tawi, na maji hushuka yenyewe kupitia chujio hadi mfuko wa chini. Platypus GravityWorks ya lita nne, kwa mfano, hutoa lita moja na robo tatu kwa dakika likiwa jipya na maji yakiwa maangavu. Wakati huo wewe unakatakata sukuma wiki. Matundu yake ni 0.2, kwa hivyo bado virusi vinahitaji hatua ya pili.

Na kuna jambo ambalo huenda likawafurahisha wenzangu wa Magharibi mwa Kenya. LifeStraw Family, ile ya kutundika ukutani, ina matundu ya maikroni 0.02, ambayo huzuia hata virusi, na imekadiriwa kuchuja lita 18,000. Mnamo 2011 karibu 900,000 zilisambazwa bila malipo kwa nyumba za Mkoa wa Magharibi wa wakati huo. Huenda nyanya yako kule Kakamega anayo ukutani. Ni kubwa mno kwa mtu wa kutembea, lakini mtumbwini inaingia vizuri. Hata hivyo usiibebe ile ya 2011 iliyokaa kavu miaka yote hiyo. Hujui ndani ina hali gani.

Hatua ya pili yenyewe haina gharama kubwa. Ni dawa ya maji ya klorini kama WaterGuard, au moto. Ukishachuja, tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, subiri nusu saa. Zingatia mpangilio huo: chuja kwanza, dawa baadaye. Klorini huua bakteria na virusi, lakini kriptosporidiamu huivumilia, naye ndiye anayenaswa na chujio. Kila mmoja humalizia kazi ya mwenzake, kama mke na mume wanaosikizana.

Moto nao ni rafiki wa zamani. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja, vijidudu vya makundi yote hufa. Ukiwa mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000, chemsha dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka yakiwa na joto pungufu. Kwa hivyo maji ya chai na ya ugali hayahitaji chujio hata kidogo, mradi sufuria ichemke kweli kweli. Beba jiko la gesi, usitegemee kuni mbichi kama mimi.

Namna ya kuchota

Tope ndilo adui wa chujio. Ukichota ukingoni, kwenye mafunjo na nyayo za ng'ombe, chujio litaziba siku ya kwanza. Hapa mwenye mtumbwi ana bahati. Piga makasia hadi kwenye maji wazi, mbali na mifereji inayotoka mashambani na mahali mifugo inaponyweshwa. Zamisha chombo kikiwa kimeinamishwa hadi maji yafike kiwikoni, kisha ukigeuze kijae. Utakwepa utando unaoelea juu. Fanya hivyo mchana, maana jioni ukingoni ni saa ya viboko, na kiboko hajali kama una kiu.

Kisha yaache maji yatulie ndooni, na uyamimine kupitia leso safi iliyokunjwa mara kadhaa. Usiidharau leso. Nchini Bangladesh mtaalamu wa Kimarekani Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijijini kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa angalau mara nne. Matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua karibu nusu, kwa sababu bakteria wake hung'ang'ania wadudu wadogo wa majini ambao kitambaa huwanasa. Kwako wewe leso haitoshi kuwa kinga, lakini italiongezea chujio lako maisha.

Maji ambayo chujio haliyawezi

Yapo maji ambayo hayasafishiki kwa chujio la mkononi, hata uwe umelinunua kwa mshahara wa mwezi.

La kwanza ni chumvi na madini. Chujio la matundu haliondoi kitu kilichoyeyuka. Maji ya Nakuru, Elementaita na Bogoria ni ya magadi, na ya Turkana nayo yana chumvi. Aidha maji mengi ya Bonde la Ufa, pamoja na ya visima, yana floridi nyingi, ile inayowatia watoto meno ya rangi ya kahawia. Ukiyachemsha ndiyo kwanza unayazidisha makali, kwa sababu maji hupungua na madini yanabaki.

La pili ni sumu za mashambani. Baadhi ya machujio yana makaa maalumu yanayopunguza baadhi ya kemikali, lakini si zote, na makaa hayo huchoka.

La tatu ni ule utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, unaoonekana mara kwa mara katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Baadhi ya vimelea vyake hutoa sumu ambayo haifi kwa kuchemshwa wala hainaswi na matundu ya chujio. Ukiuona, ondoka hapo. Usinywe, usiogelee, wala usioshe vyombo.

Na mkiwa Ziwa Victoria kumbukeni kichocho. Kijidudu chake hakingoji umeze maji. Hutoboa ngozi ya mguu unaposukuma mtumbwi majini. Chujio humlinda mdomo, halimlindi unyayo. Vaa gambuti, jifute upesi ukilowa, na miezi miwili hivi baada ya safari nenda ukapimwe. Dawa yake ipo, na inatibu.

Mkono ndio mlango

Nimebakisha jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Mpwa wangu hakuugua kwa sababu ya tundu la chujio. Aliugua kwa kikombe kilichosuuzwa ziwani. Unaweza kuwa na chujio la matundu 0.02, kisha tone moja la maji machafu likashuka kutoka kwenye mfuko wa juu hadi kwenye mdomo wa chupa safi, na kazi yote ikaharibika.

Kwa hivyo gawanyeni vyombo. Chombo cha maji machafu kifungwe utepe mwekundu, cha maji safi utepe mweupe, na visikutane kamwe. Wateuliwe watu wawili tu wa kushughulikia chujio, si kila mwenye kiu. Sabuni iwe karibu na mahali pa choo, na choo kiwe mbali na ziwa. Vikombe visuuzwe kwa maji yaliyotiwa dawa. Meno pia yapigwe mswaki kwa maji hayo hayo.

Baada ya safari, lisukume chujio maji safi kinyumenyume kama kikaratasi chake kinavyoeleza, kisha likaushe. Na chujio lenye nyuzi ndani lisigande kamwe baada ya kulowa. Barafu huzipasua nyuzi, nawe kwa macho hutaona lolote. Wale wanaopanda Mlima Kenya walale nalo ndani ya blanketi.

Sasa jibu langu kwako, mama wa South B. Usitoe pesa za mrija. Mwambie kijana wako awakusanye wenzake kumi, na badala ya kila mmoja kujinunulia mrija wake, wachange wanunue mfuko mmoja wa kutundika. Waongeze chupa mbili za dawa ya maji, jiko la gesi, sufuria kubwa yenye kifuniko, sabuni, na utepe wa rangi mbili. Wabebe mitungi mitano ya maji ya kunywa kutoka nyumbani. Siku tatu kabla ya safari walitundike chujio hilo hapo uani kwako, walijaze maji ya ndoo, wapike chai nalo mbele yako. Atakayeshindwa kulitumia uani hataweza kulitumia gizani mvua ikinyesha.

Wakishakunywa chai hiyo bila mtu kuchanganya vyombo, mpe baraka zako aende. Na akirudi akiendesha au akiwa na homa, asingoje ipite yenyewe kama kakake. Ampeleke daktari habari kamili: alikuwa wapi, alikunywa nini, lini.

Nami nikuombe kitu kimoja. Akirudi salama, niandikie. Nataka barua hiyo nikamwonyeshe dada yangu, labda atanisamehe ule mrija.

Tuonane Jumapili ijayo, panapo majaliwa. Kwaheri.